Namba Isiyocheza

Kiwandani walimwita Subiri Itulie, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Alikuwa fundi wa mizani katika kiwanda cha chakula cha mifugo, na kila aliyetaka kusoma uzito haraka haraka alimzuia kwa maneno hayo hayo: "Subiri itulie." Vibarua wakayadaka. Chai ikiwa ya moto, subiri itulie. Mke wa mtu akinuna, subiri itulie. Alicheka nao, maana hakuwa mtu wa kinyongo. Nyumbani hakuwa na wa kucheka naye. Wazazi walishatangulia, kuoa hakuoa, na ndugu pekee aliyembakia ni dada yake mkubwa, aliyemlea tangu hajui kufunga vifungo vya shati.

Dada huyo aliishi mji mwingine, safari ya basi ya saa chache tu, na alikuwa mgonjwa. Hospitali walimpa vidonge wakamrudisha nyumbani, na mtu mwenye akili zake anajua maana ya kurudishwa namna hiyo. Subiri Itulie aliahidi kwenda kumwona mwisho wa mwezi, halafu mwezi uliofuata, halafu mitambo mipya ikishafungwa. Badala yake alimpigia simu kila mchana. "Salama tu, mdogo wangu," dada alijibu. "Fanya kazi." Naye alishusha pumzi na kuendelea kula.

Basi siku moja asubuhi pumba zikamwagika. Pale kiwandani mizani ilipima tangi na kupeleka uzito kwa kidhibiti, kile kisanduku cha ukutani kinachoamuru milango ya matangi ifunguke na kufungwa. Siku hiyo mlango haukufungwa. Pumba zilijaa tangi, zikafurika, watu wakazama hadi magotini.

"Mizani yako imeoza!" meneja alifoka.

"Na mimi msinitazame," alisema mama aliyekaa mbele ya skrini kutwa nzima, ambaye wote walimwita Mama Kioo. "Kioo kinasema kilo mia mbili na kumi, tangi bado halijajaa. Njooni muone wenyewe!"

Fundi hakubishana na mtu. Alipiga magoti chini ya tangi, akafuta vumbi kwenye kidude cha namba cha mizani, kisha akaudaka mguu wa chuma wa tangi na kuning'inia kwa uzito wake wote. Namba pale chini ikaruka juu.

"Kioo kinasemaje?"

"Mia mbili na kumi."

Akajiachia. "Na sasa?"

"Mia mbili na kumi, fundi. Imetulia vizuri kabisa."

"Imetulia tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Nikafurahi, maana siku zote ile namba ya mwisho kulia inacheza cheza, inaniumiza macho."

"Mama, mizani nzima haitulii namna hiyo. Mtu akipita, upepo ukipiga, ile ya mwisho lazima icheze kidogo. Isiyocheza kabisa imekufa. Hapo unatazama namba ya asubuhi."

Aliufuata waya mkono kwa mkono. Ulipopinda kwenye ukingo wa chuma, mtikisiko wa mitambo ulikuwa umeusugua hadi ukakatika. Kazi ndogo. Lakini mizani iliponyamaza, mbona kidhibiti hakikupiga kengele? Jibu alilijua, na halikumpendeza. Msimu wa mvua mawasiliano yalikuwa yakikatika kidogo na kurudi, kengele inalia, kazi inasimama, meneja anafoka. Ndipo yeye mwenyewe alipokipangia kidhibiti kwamba mizani ikinyamaza kishike uzito wa mwisho kilioupokea na kuendelea. Wote walimshukuru siku ile.

Mchana ulimkuta bado anaunga waya. Mikono haikuwa na nafasi, akaiweka simu kwenye spika.

"Dada, salama?"

"Salama tu, mdogo wangu. Fanya kazi."

Mama Kioo, aliyekuwa anamshikia utepe wa kufungia, alimtazama. "Fundi, ndivyo anavyokujibu kila siku? Mgonjwa gani huyo, hana leo nafuu wala leo vibaya?"

Bisibisi ilimponyoka. Ugonjwa ulipoanza, dada aliwahi kumpigia akilia katikati ya kazi. Fundi akaunga waya vibaya, mota ikaungua, akatukanwa mbele za watu. Jioni ile akamwambia: "Dada, mchana usinipe habari za kunivunja nguvu. Niambie salama tu, mengine nitakuja kuyasikia huko huko." Na dada, ambaye tangu zamani hajui kumnyima kitu, akatii.

Alimalizia waya, akarudisha kengele ya kidhibiti, akanawa.

"Unakwenda wapi? Hatujajaribu!" meneja alisema.

"Kwa dada yangu."

"Subiri basi itu..." meneja alianza. Alipomwona uso, maneno aliyameza.

Alifika jua linazama. Mlango ulifunguliwa na jirani, mama wa makamo mwenye macho ya kukosa usingizi.

"Wewe ndiye wa simu ya mchana?" aliuliza. "Asubuhi haongei, anatunza sauti. Saa yako ikikaribia ananiomba maji alainishe koo, nimwinue, nimwegemeze mto. Akishakwambia salama analala hoi."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Alinikataza. Alisema wewe ndiye ulimwomba."

Kitandani alilala mtu mdogo mno kuwa dada yake. Dada alimwona, akafungua mdomo. "Salama tu, mdogo..."

"Hapana, dada." Alipiga magoti. "Nisamehe. Niambie kweli."

Dada alimtazama kama alivyokuwa akimtazama utotoni kabla ya kumbebesha ndoo ya maji, kuona kama ataiweza.

"Inauma," alisema. "Inauma mpaka naogopa. Usiku nakuita."

Dada akalia waziwazi, mtu mzima na mvi zake. Fundi alipomuuliza inauma wapi, dada aliuchukua mkono wake akauweka juu ya tumbo. Aliongea mpaka sauti ikamwishia, na mdogo wake hakumwambia nyamaza.

Simu ilitetemeka mfukoni. Alikuwa Mama Kioo. "Fundi, ile namba ya mwisho inacheza tena, haitulii. Tufanyeje?"

"Iacheni icheze," alisema kwa sauti ya chini.

Alfajiri dada alifariki, mkono wa mdogo wake ukiwa pale pale.

Baada ya mazishi alirudi kazini. Mtu akija kusoma uzito alimwachia asome, na lile neno lake hakulisema tena. Vibarua nao, bila kuambiana, waliacha kumwita kwa jina lile.