Mto Niliourefusha

Kwa miaka mingi nilikana kwamba mimi ndiye niliyeurefusha mto wa kijiji kimoja kidogo cha Slovenia. Sasa nimestaafu, nakiri: ni mimi.

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya atlasi hapa London, Mhariri Mkuu alinikabidhi kijiji hicho. Alikuwa Mpunjabi wa Southall, mzaliwa wa Nakuru, na Kiswahili chake hakikuwa na haraka.

"Anza na hiki kidogo, madam. Ukikosea, watakaokasirika ni wachache."

Tuliandika vidahizo, yaani aya fupi kwa kila mahali: kimo, udongo, maji, historia. Nilikipenda kijiji kile. Mapaa yake ni ya mawe ili upepo usiyabebe, kila ua una tangi la maji ya mvua, na kulikuwa na vikongwe waliopata kuwa raia wa nchi nne bila kuhama nyumba.

Ila kwenye rasimu ya ramani, mto ulikatika ghafla chini ya kanisa. Mimi na shahada yangu ya jiografia tukaamua kwamba mchoraji amesahau. Nikachukua penseli, nikaufikisha bondeni.

Atlasi ilipotoka, mwalimu wa kijiji aliandika barua ya heshima akiomba aonyeshwe mto huo, maana ng'ombe wao wana kiu.

"Nani alichora hii?" Mhariri Mkuu aliuliza.

"Mchoraji," nikasema.

Mchoraji alikuwa Mzee Hamadi wa Pemba. Kontua, ile mistari ya kimo, alizichora kwa mkono usiotetemeka. Alinitazama, akasema, "Nitarekebisha." Tangu siku hiyo kila karatasi yake ilikaguliwa mara mbili, mpaka akastaafu na doa hilo. Mimi nilipandishwa cheo.

Mwezi uliopita nilikwenda kukiona kijiji. Mto unashuka hadi chini ya kanisa, unaingia shimoni kwenye mwamba wa chokaa, basi. Nikiwa nimesimama pale nilimpigia Mzee Hamadi, nyumbani kwake Hayes.

"Shikamoo, mzee. Ule mto niliuchora mimi."

"Marahaba. Najua, mwanangu. Rasimu ninayo, na penseli yako imo."

"Mbona hukuionyesha?"

"Wewe ulikuwa kwenye miezi ya majaribio. Mimi nilikuwa na ajira ya kudumu. Hebu niambie, kweli unaingia chini? Mimi nilichora tu, sijapata kuuona."

Nikaielekeza simu shimoni, asikie.