Ploti Mbele ya Geti ya Mjomba

Wenzangu kazini walinicheka sana niliponunua ploti Sigalagala. "Wewe unaunda programu za simu, halafu unaenda kukaa katikati ya mahindi?" Walitaka nichukue nyumba Kakamega mjini, karibu na supamaketi. Niliwaambia kampuni inahamisha ofisi yetu Sigalagala, nitakuwa natembea dakika kumi tu. Hiyo ni ukweli. Lakini si yote.

Mama yangu alifukuzwa kwa ndoa nikiwa mgongoni, akarudi kwao. Kakake, mjomba wangu, akampea kajumba ka jiko nyuma ya boma. Tuliishi hapo mpaka nikafika darasa la sita. Siku moja mjomba akaamua hapo pawe pa ng'ombe. Alimkuta mama akisonga obusuma. Akapiga sufuria teke, ugali ikamwagika, akachukua jembe akang'oa mafiga yote matatu, akayasukuma mpaka barabarani.

"Msichana aliyerudi hana jiko hapa! Na huyu wa huko, mpeleke kwa babake!"

Huyu wa huko ni mimi. Hajawahi kuniita jina.

Mama aliokota figa moja kwa leso. Hayo mengine yalikuwa bado moto. Hilo moja limekaa chini ya kitanda kwa kila chumba tulichopanga. Mama akiuza mboga, mimi nilikuwa nafagia saiba ya jirani ndio niruhusiwe kugusa kompyuta. Hakuna mwalimu alinifundisha hii kazi. Hasira ilinifundisha.

Sasa ofisi zilipoanza kuja Sigalagala, broka mmoja akanipigia. "Kuna mzee anakata shamba. Ile ploti ya mbele ya geti yake ndio tamu." Nikauliza mzee gani. Aliponiambia, nilisimama nikaacha kiti kikianguka.

Kwetu mjomba hatukanwi. Wanasema laana yake inauma kuliko ya baba. Sawa. Mimi sikumtukana. Nilinunua. Karatasi zilipita kwa broka na wakili, jina langu lote likiwa juu, na mjomba akaweka sahihi kando yake bila kushtuka. Angeshtuka aje? Hakuwa analijua.

Mama sikumwambia. Hiyo ndiyo ilikuwa inaninyima usingizi. Nilimtafutia nyumba ya kufia, na labda nilikuwa nimemnunulia kidonda.

Siku ya kupanda mpaka, majirani walikuja kushuhudia, vile desturi inataka: muuzaji ashike kamba upande mmoja, mnunuzi upande mwingine, na muuzaji apande mkonge kila pembe. Mjomba akaangalia juu ya kichwa changu.

"Mwenyewe ako wapi?"

"Ni mimi, mjomba."

"Wewe nani?"

"Huyu wa huko."

Kamba ikamtoka mkononi. Nyanya mmoja wa jirani akauliza, "Kwani mzee, uliuza bila kusoma?"

"Nilisoma! Jina sikulijua!"

"Jina la mtoto wa dada yako?" Watu wakacheka mpaka mmoja akashikilia mti. "Shika kamba, mzee. Jua inakuja."

Akashika. Akainama, akachimba, akapanda, pembe baada ya pembe. Nami nilikuwa nasema polepole, "Ongeza udongo hapo, mjomba. Asante, mjomba." Siombi msamaha. Nilifurahia kila shimo.

Kesho yake nikampeleka mama, nikimwambia tu tumepata pa kujenga; akabeba kitu kizito kwa leso. Alipoona geti ile, akasimama. Nikaogopa. "Mama, kama hutaki, nauza leo. Tunatafuta mjini."

Alizunguka ploti yote, akasimama karibu kabisa na barabara, akafungua leso, akaweka figa lake chini.

"Jiko ni hapa, baba. Na mlango uangalie kwake. Nataka anionange nikipika."

Nikajenga vile alisema. Asubuhi natembea kazini dakika kumi, wenzangu wa mjini wakifika wamechelewa. Jioni upepo unavuka barabara, na upande ule nasikianga mzee akikohoa na kufunga madirisha.

Nilimnunulia mama jiko ya gesi, nzuri, ya sahani nne. Iko kwa kona, imefunikwa kitambaa.

"Mama, mbona hupikii gesi?"

Akasukuma kuni mbichi ndani ya moto. "Hiyo haina moshi."