Udongo wa Kaburi la Mtu Mwingine

Nakumbuka Jumamosi moja kule Kalenga, mwanangu, miaka ya sabini, nilipomzika mtu kwa mdomo wangu mahali ambapo hakuzikwa kamwe. Kaa hapo. Weka hiyo simu. Kila nikianza kukueleza jambo unaniitikia "najua bibi, najua" kabla sijafika popote, na hiyo "najua" yako ndiyo iliyonifanya nikuite.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwa baba mdogo, mwenyekiti wa kijiji. Pale kijijini mwenye Kiingereza nilikuwa peke yangu, na sikumwacha mtu asahau hilo. Hata kuku niliwafukuza kwa Kiingereza.

Siku hiyo akaja Mzungu kwa pikipiki. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya Iringa mjini, kwao Australia, tukimwita Mwalimu Keni. Kiswahili chake kiliishia kwenye "habari" na "asante". Alishika daftari kuukuu la marehemu baba yake. Katika ile vita ya kwanza, Mjerumani akiwa bado anatawala huku, baba huyo alikuwa baharia kwenye manowari ya Australia iliyoletwa kuwasaidia Waingereza kuufunga mwambao wetu, meli ya Mjerumani isiingie wala isitoke. Na ndani ya daftari aliandika jina: Lutangilo wa Kalenga.

Baba mdogo aliposikia jina hilo akatupeleka kwa Bibi Sekalinga.

Bibi Sekalinga alikuwa dada yake Lutangilo. Kaka yake aliondoka kwenda pwani na msafara wa wapagazi, yeye akiwa msichana mdogo, na hakurudi. Miaka sitini, mwanangu! Hakuna habari, hakuna matanga. Wenzake wa rika lile walizika ndugu zao, wakalia, wakamaliza. Yeye hata pa kuanzia hakuwa napo.

Mwalimu Keni akafungua daftari akasoma taratibu, nami nikasimama katikati kama waziri. Mengine niliyapata vizuri: kwamba Lutangilo aliajiriwa Unguja akawa anatia makaa ya mawe kwenye tanuri la manowari hiyo, kwamba alimfundisha yule baharia kuhesabu kwa Kihehe, kwamba alishikwa na homa, akafa. Hapo Bibi akafumba macho. Kisha yakaja maneno ya mazishi, Kiingereza kizito cha kanisani, na katika sentensi nzima nikashika neno moja tu, lile la kitu chenye kina kirefu.

Ningeweza kuuliza. Mzungu yuko pale, mdomo ninao. Lakini majirani walikuwa wamejaa uani, na baba mdogo ananitazama kwa fahari. Nikaona nikiuliza nitapungua.

"Alizikwa kwa heshima, Bibi," nikasema. "Kwenye shimo refu."

"Wapi?"

"Dar es Salaam."

Hilo la Dar es Salaam nililitunga papo hapo. Mwalimu Keni aliposikia jina la mji akaitikia kwa kichwa, maana manowari ya baba yake iliwahi kupita huko, nami nikajiona nimepona. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi nilikuwa msomi, ya wazee ningeyasikiliza lini? Bibi akanishika mikono yote miwili, akanishukuru mpaka nikaona haya. Ila haya ile haikunitosha kusema kweli.

Wiki ileile akamtuma mjukuu wake, Augustino, aende kwenye kaburi hilo, achote udongo, kaka yake aletwe kulala jirani na baba na mama. Augustino akapanda basi. Siku nne alizunguka makaburi ya Dar es Salaam akiuliza shimo refu la mtu wa Kalenga. Nani angemwonyesha? Mwisho akachoka, akachota udongo kwenye kaburi moja la zamani lisilo na jina, karibu na ukuta uliobomoka, akarudi nao ndani ya kopo la maziwa. Akasema amelipata. Unaona? Uongo wangu ulikuwa umeshazaa.

Siku ya kuuzika ule udongo watu walikuja hata kutoka Mbeya. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ulikuwepo, ugali ulikuwepo. Mwalimu Keni alialikwa, akaja na mwalimu mwenzake, Mbena mmoja aliyefundisha historia. Bibi alikuwa ameshalia hadi sauti imekauka, ndipo huyo Mbena akauliza kwa upole kopo lile lina nini. Akaelezwa. Akamgeukia Keni, wakasemezana, na nikaona uso wa Mzungu unabadilika. Yule Mbena akalichukua daftari, akatusomea kwa Kiswahili neno kwa neno. Lutangilo alifia melini, mbali na nchi kavu. Wenzake walimshonea turubai, wakamfunga vyuma miguuni, nahodha akasoma sala, wakamteremsha kwenye kina kirefu cha bahari.

Bibi akalitazama kopo.

"Basi huyu ni nani?"

Augustino akainamisha kichwa. Mimi nikaanza, "Bibi, kile Kiingereza cha zamani..."

"Nyamaza! Nilikuuliza wapi. Kusema hujui kungekung'oa jino? Miaka sitini nimengoja, ningeshindwa kungoja uulize? Nimemlilia mtu wa watu! Mtoto wa mwanamke mwingine tumemtoa alikolala, tumemleta huku kwenye baridi, na jina lake silijui!"

Baba mdogo akajaribu kumtuliza.

"Na wewe mwenyekiti nyamaza. Si ndiwe uliyeniletea huyu?" Akanisukumia kopo kifuani. "Mrudisheni, ninyi wawili. Halafu wewe msomi uende ukaitazame hiyo bahari, uje uniambie ilivyo. Usiniongezee kitu."

Basi nikasafiri kutoka Iringa mpaka Dar es Salaam na mtu nisiyemjua mapajani. Abiria wenzangu waliuliza nimebeba nini, nikalifunika kopo kwa kanga. Augustino alilikumbuka kaburi, tukaumwaga udongo tulivyoweza, tukaomba radhi. Kisha nikaenda kuitazama bahari. Nilikuwa sijawahi kuiona.

Niliporudi Bibi alikuwa anachambua maharage. Hakuniambia kaa.

"Haya, sema."

Nikamwambia ni maji mpaka macho yanapokoma. Rangi yake haikai moja. Nilionja, ni chumvi kali. Ng'ambo sikuiona.

Akafikiri, akauliza, "Mtu akiteremshwa mle, hukaa palepale au huchukuliwa?"

Jibu zuri lilinijia mdomoni, la kumfariji. Nikalimeza.

"Sijui, Bibi."

Akayasogeza maharage pembeni. "Haya," akasema, "sasa hayo mengine nitayaamini." Akajifunika shuka kichwani, akaanza kumlilia kaka yake upya, nami nikakaa chini nikalia naye.

Sasa nikuulize wewe. Jana yule mzee mfugaji aliyekuja hapa Ilomba, Mbeya, kutoka Usangu kutibiwa, si alikuletea karatasi ya hospitali umsomee? Ukaitupia jicho moja, ukamwambia vidonge viwili kutwa mara tatu, ukarudi kwenye simu yako. Nilipovaa miwani nikaisoma ile karatasi aliyoisahau, nikakuta kimoja, jioni tu! Nimemkimbilia mpaka Mwanjelwa kwa magoti haya mabovu, nikamkuta anapanda gari la kurudi Usangu, nikamsomea sawasawa. Mnanichosha, watoto ninyi. Mnanichosha kwa sababu ninawafahamu, nilikuwa hivyohivyo.

Shika haya. Mtu asiyejua kusoma akikupa karatasi, amekukabidhi maisha yake. Isome yote, polepole. Usipoelewa, uliza, hata kama watu wamejaa uani, maana kuuliza si ujinga. Na ukiulizwa usilolijua, sema hujui, ukome hapo. Pengo usilijaze kwa maneno ya kubuni, hata kwa huruma, kwa sababu kuna mtu atapanda basi kwa neno lako.

Mungu akupe macho ya kusoma mpaka mwisho, na ulimi mzito pale unapotaka kuruka. Wanaokuamini wasije wakajuta. Nenda Usangu, mwanangu, ukamwombe radhi yule mzee, Mungu akutangulie.