Tulipokuwa Tunaomba Taka

Kila Jumamosi asubuhi kijana mmoja hupita mtaani kwetu na guta lililobeba mapipa ya plastiki. Anachukua maganda, viporo vilivyochacha na mboga zilizooza, anakwenda kutengeneza mbolea ya kuwauzia wenye bustani. Akifunua pipa, harufu inanifikia nikiwa bado ndani: uchachu wa maganda ya ndizi yaliyolala, na chini yake kitu cha uvuguvugu, kama pumzi ya ng'ombe. Majirani wanaziba pua huku wakicheka, wanampa ndoo zao, wanamshukuru. Mimi hutoka wa mwisho. Pamoja na utu uzima wangu huu, uso bado unapata moto nikiisikia harufu ile.

Nilikulia hapa hapa pembeni mwa Ifakara, kwenye kiinuko ambacho mafuriko hayafiki. Bonde letu mnalijua. Mto ukifurika huacha tope jeusi mashambani na mpunga unaota kama umeitwa. Kwa hiyo watu wazima wote niliowafahamu waliamini kwamba ardhi ya huku hailishwi na mtu, hiyo ni kazi ya mto. Mama ndiye aliyeona kwamba mto haupandi kiinuko, na kwamba bustani yetu ya mchicha na nyanya, iliyotulisha tangu baba afariki, ilikuwa inachoka. Yeye alizaliwa juu Mahenge, milimani, ambako mvua huteremsha udongo na mwenye shamba hana budi kuurudishia rutuba. Akachimba shimo nyuma ya jiko, akaanza kulijaza majani, samadi ya kuku, majivu, na pumba kutoka kwenye mashine ya kukoboa. Vya kwetu vilipokwisha, akaanza kuomba vya watu.

Na mwombaji mwenyewe nilikuwa mimi. Nilikuwa darasa la nne, na kila asubuhi kabla ya shule nilijitwika beseni la bluu nikapita nyumba kwa nyumba. Kwa wapika komoni nilipewa machicha ya pombe, yakanivujia shingoni, nikaingia darasani nanuka kilabu. Wenzangu waliniita Jalala. Mwalimu wa zamu aliwahi kuniuliza, kwa upole uliouma kuliko fimbo, kama nyumbani tuna sabuni. Nikigoma kwenda, Mama alisema, "Mficha uchi hazai," akanitwisha beseni. Niliuchukia msemo ule. Niliona atakayezaa ni yeye, na uchi unaoanikwa ni wangu.

Mambo yaliharibikia kwenye taka za kufagia. Kwetu uchafu uliofagiwa nyumbani si kitu cha kumpa mtu ovyo. Ukifagia usiku huutoi nje mpaka kuche, maana unaweza kutoa na baraka zako. Na mtu akikuomba ulichokifagia mlangoni pako, inabidi ujiulize anakitakia nini. Mama aliyajua hayo tangu utoto, lakini alisema majani makavu ni majani makavu. Mama Aneth, jirani wa upande wa pili wa ua na rafiki yake wa jumuiya moja kanisani, alikuwa akinipa bila maneno.

Kisha kikaja kipupwe, na shimo likaanza kufuka alfajiri. Taka zikioza hupata joto, na baridi ya asubuhi hulionyesha joto hilo. Leo nayajua hayo. Wakati ule niliona tu moshi usio na moto nyuma ya jiko letu, na wapita njia waliuona pia. Msimu huo huo nyanya za mama Aneth zilinyauka zote, na zetu zikazaa mpaka miti ya kuegemezea ikainama. Mama Aneth hakupiga kelele. Alisema kisimani, taratibu tu, kwamba nyota ya bustani yake inaondoka kila asubuhi kichwani kwa mtoto.

Kuanzia siku ile hakuna aliyenunua mboga zetu. Mama alikwenda sokoni na tenga limejaa, akarudi nalo limejaa. Tulikula mchicha mchana, tukala mchicha usiku, mpaka nikaona hata ndoto zangu zimegeuka kijani. Bila mboga zile hapakuwa na sare wala daftari, na Mama akaanza kuzungumzia kunipeleka Mahenge kwa bibi. Shuleni jina la Jalala lilikufa. Nililipenda kuliko lile lililokuja baada yake.

Wazee wa kwetu wana desturi yao. Watu wakituhumiana uchawi, wanakwenda pamoja kwa mganga wakanyolewe, mtuhumu na mtuhumiwa, juu ya mkeka mmoja. Aliyekuwa na uchawi, uchawi wake unaishia pale. Asiyekuwa nao, hakuna mwenye ruhusa ya kumtaja tena. Basi asubuhi moja nikaambiwa nifuatane na Mama na mama Aneth. Tulivuka mto kwa kivuko, kisha tukapanda baiskeli za kukodi hadi kwa mganga, mbele ya Lupiro.

Nilisimama nikaona yote. Nywele za Mama, zile nilizokuwa nikimfumua kila mwisho wa juma, zilidondoka zikachanganyika na za mama Aneth hadi usingejua zipi za nani. Mama Aneth alilia kwa kwikwi. Mama yeye alikuwa akimwelekeza mganga apitishe wembe vizuri nyuma ya sikio. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwa akili yangu ya kitoto, anayekubali kunyolewa amekiri.

Wakati wa kurudi nilikaa upande wa pili wa kivuko, nikayatazama maji kana kwamba nasafiri peke yangu. Mama alinifuata.

"Unalia nini? Nywele zinaota."

Nikamwambia watu watamcheka.

"Wacheke. Wakimaliza watataka mboga."

Kesho yake niliamka nikiwa na hakika kwamba beseni limestaafu. Mama akanitikisa, akasema nianzie kwa mama Aneth. Nilimkuta anafagia uwanja, kichwa wazi. Nikamwamkia nikiwa natazama chini.

"Marahaba. Tua hilo beseni."

Alizoa fungu lote kwa mikono yake, mpaka vumbi la kizingitini, akalishindilia likajaa pomoni. Halafu akauliza shimo lenyewe linachimbwa kina gani. Kabla sijajibu, sauti ya Mama ikatoka ng'ambo ya ua ikasema, "Kiunoni." Naye alikuwa kichwa wazi. Wakatazamana juu ya miti ya ua, vipara viwili, wakaanza kucheka mpaka mama Aneth akaegemea fagio. Mwenye nywele pale nilikuwa mimi tu, na mwenye aibu nilikuwa mimi tu.

Mboga zikanunuliwa tena. Mama alikaa benchi la nyuma kanisani bila kukomunika, kwa sababu ya mganga, mpaka alipokwenda kuungama. Sikumuuliza kitu. Miaka mingi nilibeba moyoni kwamba mama yangu aliwahi kuwa mchawi, akatibiwa.

Nilikuwa nimeshaolewa mama Aneth aliponieleza. Yeye hakutaka kwenda popote, alitaka tu kuacha kusalimiana. Mama ndiye aliyemfuata mlangoni akamwambia twende tukanyolewe wote, maana taka zako nazihitaji, na wewe mboga zako zinakufa. Alizitoa nywele zake na nafasi yake mezani pa Bwana ili mimi niweze tena kubisha hodi na beseni bila mtu kuninyooshea kidole.

Jumamosi iliyopita nilifagia uwanja mpaka kizingitini, nikampelekea kijana wa guta. Alisita kidogo.

"Hata hizi za mlangoni, mama?"

Nikamwambia hata hizo. Akazimwaga ndani ya pipa, na uso wangu ukapata moto kama kawaida yake. Siku hizi taka hazinitii aibu tena. Namwonea haya mtoto yule wa kwenye kivuko, aliyekwenda kukaa mbali na mama yake.