Mwavuli Nyuma ya Mlango

Filamu yenyewe ni ya zamani. Mwanamke na mwanamume wanabadilishana miavuli kimakosa mkahawani, wanatafutana kwa hasira, wanagombana mpaka wanapendana, kisha wanaachana kwa ujinga. Mwishoni mwanamume anarudi kuuchukua mwavuli aliousahau kwa yule mwanamke, na wanasimama mvuani wakiwa wameshikana. Hakuna anayekufa. Hakuna mwenye wadogo wa kulea.

Mama aliinunua diski hiyo mjini Sultan Hamud, siku aliyonunua sufuria. Hakujua Kiingereza kingi, lakini alicheka hata kabla mzaha haujafika. Kila watu wa filamu walipoikimbia mvua alisema, "Wangeletwa kwetu Mbumbuni kwenye ukame mwaka mmoja tu, wangeikumbatia." Baba alikuwa ametangulia. Mama alipomfuata niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikabaki na wadogo wangu wawili, mvulana na msichana, na ile diski. Tuliitazama kila Jumapili tukitoka kanisani. Siwezi kusema ilinifurahisha. Ilikuwa saa moja na nusu ambayo nilijua kila kitakachotokea.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu fundi mmoja wa Kalamba aliponijia. Alikuwa amekuja kuezeka kanisa letu. Mtu mpole. Alitaka watu wake walete mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao Mkamba hajaoa hata akiwa na watoto kumi. Shida ilikuwa moja: mama yake alikuwa amesema atapokea mke, hatapokea nyumba nzima.

Alikuja kuchukua jibu Jumapili moja, akatukuta tukitazama filamu, akaketi nasi. Hakucheka popote. Karibu na mwisho aliuliza kama yule mwanamume hana kazi. Wadogo wangu walicheka, na mimi pia. Kisha mvua ikaanza kupiga mabati, hatukusikia tena neno kwenye runinga, tukatoka wote kutega beseni na mitungi. Yeye pia alitega. Tukiwa tumesimama mlangoni mwa jikoni, nguo zimelowa, aliniuliza tena. Nilimwambia asubiri mpaka kitinda mimba wetu amalize kidato cha nne.

"Hiyo ni miaka minne," alisema.

"Ni minne."

Alipangusa mikono kwenye suruali, akaniaga vizuri, akaenda zake huku mvua ikinyesha.

Tuliporudi ndani mdogo wangu wa kike aliuona mwavuli wa fundi umeegemezwa ukutani, mweusi, mpini uliovunjika akiwa ameufunga kwa waya wa kufungia vyuma. Akarukaruka. "Ameacha mwavuli. Dada, lazima arudi."

Nilimwambia akafunike maji. Lakini niliutundika nyuma ya mlango, mahali mwenyewe angeupata bila kuuliza.

Mvua ile ikaisha, tukavuna. Mwaka uliofuata mama mmoja wa kanisani alinipa habari za harusi ya fundi. Nilikuwa nachagua ndengu. Niliendelea kuchagua mpaka zikaisha. Wadogo wangu waliacha kuweka ile diski.

Kitinda mimba alimaliza shule mwaka jana. Siku chache baadaye nilikutana na fundi sokoni Mbumbuni, akiwa na mkewe. Jua lilikuwa kali na nilikuwa nimejifunika ule mwavuli aliouacha kwetu. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka yote hiyo: chukua, ni wako.

"Habari ya siku nyingi, dada," alisema. Mkewe alinipa mkono na kuniuliza habari za nyumbani. Fundi aliinua macho. "Mwavuli mzuri. Ulinunua wapi?"

Ule waya ulikuwa mbele ya macho yake. Sijui kama alikuwa amesahau kweli, au alikuwa ananisitiri, au anajisitiri yeye.

"Sultan Hamud," nilisema.

Tukaulizana bei ya mbaazi, tukaagana.

Jumapili iliyofuata mdogo wangu wa kike aliitoa diski, akaipangusa kwa kanga na kuiweka bila kuniuliza. Nilicheka pale mama alipokuwa akicheka. Mdomo unapajua wenyewe. Ilipofika pale mwanamume anaporudi, mdogo wangu hakutazama runinga. Alinitazama mimi.

Nilimwambia atazame mbele, atapitwa.