Namba Kumi na Saba Niliyoitupa Siku ya Tano

Jumanne, tarehe 14 Machi. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu membamba, yale ambayo huyasikii juu ya bati lakini ukifika kazini mabega yamelowa.

Siku hiyo nilikuta kitu hai kwenye sahani niliyotakiwa kuitupa siku nane kabla.

Ngoja nianze vizuri.

Mimi ni mwosha vyombo wa maabara. Nina miaka arobaini na sita. Shule niliiacha nikiwa binti, nikairudia ukubwani, madarasa ya jioni. Nakaa dawati moja na watoto wa watu wanaoniita Bibi Mwanafunzi. Jina likanifuata hadi kazini. Kwa hiyo mkiona nimekosea mahali, mnivumilie, bado nasoma.

Maabara yetu ilikuwa na utafiti. Kuna wanawake waliowekewa vipandikizi vya matiti, vile vifuko vya silikoni, halafu wakaanza kuumwa. Uchovu usioisha. Viungo kuuma. Nywele kukatika. Daktari wetu, mama mmoja mkali mwenye sauti ya chini, alitaka kujua kama huenda kuna bakteria wanaojificha juu ya vifuko hivyo.

Vifuko vikitolewa kwa upasuaji, vipande vililetwa kwetu vikiwa na namba tu. Jina hakuna. Siri ya mgonjwa.

Tulivikwangua, tukapaka ukwanguo kwenye sahani ndogo zenye chakula cha bakteria. Sahani zikaingia kwenye mtungi usio na hewa, maana bakteria wengine hewa hawaitaki. Mtungi ukaingia kwenye kabati la joto.

Siku ya tano tunafungua. Fundi wa maabara anaangalia, mimi naandika kwenye daftari, kisha natupa.

Kabla ya kutupa nilikuwa nagusa kila kifuniko na kuomba kimoyomoyo: Mungu, mponye mwenye namba hii.

Fundi alinidaka siku moja.

"Bibi Mwanafunzi, unawaombea bakteria?"

"Naomba wafe."

"Basi omba taratibu, wakiisha wote tutakula wapi?"

Tulicheka. Tulikuwa tunacheka sana siku zile.

Sasa nina mdogo wangu, tumbo moja. Tangu utotoni tunamwita Kipusa. Ni msusi. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia kichwani kwa mteja kama vina macho.

Alipomwachisha ziwa mtoto wake wa pili, akaenda kuweka vifuko. Nikamwambia, Mungu hakukosea kukuumba.

"Dada, na hiyo miwani yako je? Macho alikosea?"

Nikaisukuma miwani juu ya pua.

Mwaka wa pili vidole vikagoma. Akawa anasuka nywele za watu, zake zinabaki kwenye mto. Akazunguka hospitali mpaka wakamtoa kifuko kimoja, kile kilichomsumbua zaidi, wakapeleka kipimo. Karatasi ikarudi: hakuna bakteria walioota. Kile cha pili wakakiacha.

Mume wake akaisoma karatasi ile mara moja tu. Akasema ameoa mwigizaji. Wiki hiyohiyo akabeba begi.

Kipusa akaja kwangu. Tulikaa jikoni. Alishika kikombe kwa viganja, vidole havikukunjika.

"Dada, wewe unafanya kazi maabara. Niambie ukweli. Mimi ni mwongo?"

Nikavaa miwani. Nikaisoma karatasi yote, hadi muhuri wa hospitali.

"Maabara haidanganyi, mdogo wangu. Huna kitu. Mrudie Mungu, utakuwa sawa."

Aliniangalia.

"Hata wewe?"

Chai aliiacha vilevile. Miezi saba hakupokea simu yangu.

Sasa turudi Jumanne ile.

Tarehe 6 ilikuwa siku ya kufungua mtungi mmoja. Fundi alikuwa likizo, nami jioni yake nilikuwa na mtihani wa biolojia. Nikausogeza mtungi nyuma ya beseni la maji ndani ya kabati, nipate nafasi ya kusafisha. Kichwa kimejaa mtihani, nikasahau kabisa.

Siku nane zikapita.

Nilipoukuta, niligeuka kwanza kuangalia mlango. Nikafungua nitupe haraka. Nikaona vidoti vyeupe, vidogo kama chumvi iliyomwagika. Sahani namba thelathini na moja.

Shetani naye hana likizo. Akaninong'oneza: tupa, osha, nani atajua? Kazi hii ukiipoteza, shule utalipia nini?

Nikaomba. Sala fupi tu. Nikaibeba hadi kwa Daktari.

"Daktari, nimefanya kosa. Mtungi wa sahani hii ulikaa siku kumi na tatu."

Aliinyanyua kwenye mwanga. Akaigeuza huku na huku, nami nahesabu siku zangu pale kazini.

"Usitupe," akasema. "Na usishangilie. Bakteria wa aina hii wanaishi kwenye ngozi ya kila mtu. Huenda ni uchafu wa mikono yetu."

Kipande kingine cha namba thelathini na moja kilikuwa kwenye friza. Tukarudia. Safari hii tukaweka na sahani tupu pembeni, isiyopakwa ukwanguo, kama shahidi: ikiota nayo, uchafu ni wetu.

Siku ya tano, hakuna. Siku ya tisa, hakuna. Siku ya kumi na mbili, vidoti. Sahani tupu, safi kabisa.

Fundi alikuwa amerudi. Kwa mara ya kwanza hakutania.

"Tumetupa ngapi siku ya tano?"

"Thelathini," nikajibu.

"Na vipande vyao?"

"Tulichoma."

Daktari akafungua orodha yake ya siri. "Mwenye thelathini na moja alishaletwa mara moja, mwaka jana. Kifuko cha kwanza; hiki ni cha pili. Alikuwa namba kumi na saba."

Nikafunua daftari. Namba kumi na saba. Mwandiko wangu, zile herufi za duara za mtu aliyejifunza kuandika vizuri akiwa mkubwa: Hakuna kilichoota.

Mgonjwa akaitwa. Daktari alimwomba ruhusa sisi tuwepo, akakubali. Mlango ukafunguliwa.

Akatangulia mama yangu mzazi. Nyuma yake, kitambaa kichwani, amekonda, Kipusa.

"Dada?"

Hakuna aliyekaa.

Daktari akaeleza polepole, hadi ule mtungi niliousahau siku kumi na tatu. Kwamba wameota. Kwamba kuota si ushahidi kwamba ndio waliomuumiza. "Ukimkuta mbu chumbani, hujui kama ndiye aliyekuuma. Lakini huwezi tena kusema chumba hakina mbu. Tutaendelea kutafuta."

"Na kifuko cha kwanza?" Kipusa akauliza.

Daktari akafungua mdomo. Nikasema mimi.

"Cha kwanza nilikitupa siku ya tano. Ile karatasi yako ilitoka kwenye daftari hili. Mwandiko ni wangu."

"Kanuni ya siku ya tano ilikuwa yangu," Daktari akasema.

"Kingesubiriwa, kingeota?"

"Hatutajua kamwe," Daktari akamjibu.

Kipusa hakulia. Aliangalia vidole vyake, kama mtu anayetazama nyumba aliyohamishwa.

Nikasema lile nililokuwa nalo. "Nilikuwa nakuombea, mdogo wangu. Nilishika kifuniko cha namba kumi na saba nikamwomba Mungu akuponye. Sikujua ni wewe."

"Namba uliiombea, dada. Mimi ukanifukuza jikoni kwako."

Mama akajifunika uso kwa khanga.

Ndugu zangu mnaosoma, mimi sala sijaiacha. Ila nimejua kwamba mtu anayeumwa mbele yako ndiye sala yako ya kwanza, na ukimkemea huyo, za kimoyomoyo zote zina deni. Haraka haraka haina baraka, nimelisema neno hilo maisha yangu yote, sikujua linahusu na sahani.

Nilitaka kupiga magoti. Kipusa akanizuia kwa mkono uleule usiokunjika.

"Leo usiniombe msamaha. Sahani uliisubiri siku kumi na tatu kwa kusahau. Mimi nisubiri kwa kukusudia."

Basi nikasimama wima, mama akisikia, Daktari akisikia, Fundi amevua kofia yake, nikasema kwa sauti:

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, mkono huu hautatupa tena sahani kabla ya siku ya kumi na nne. Na mtu akiniambia anaumwa, sitamwambia tena huna kitu. Nitamwambia, bado sijakiona. Na wewe Kipusa, nitakusubiri."