Kunradhi, Mkono wa Kushoto

Nilikuwa uani kwetu Baleni, kisiwani Mafia, nakuna nazi, nikamwona kijana wa bodaboda anazima pikipiki mbali kabisa na mlango, anaisukuma kwa miguu. Huyu bwana siku zote huingia kwa honi na muziki. "Dada," akasema, "mwalimu wako wa michezo hatunaye. Amefariki alfajiri huko Kilindoni, anazikwa baada ya adhuhuri." Nikajitupia kanga, nikapanda nyuma yake na machicha bado mikononi. Wasomaji wangu mmenizoea kwa porojo na ndoto za mchana. Leo nivumilieni, nina mtu wa kujivunia. Shule niliishia kidato cha nne, na matokeo yangu hayana haja ya kutajwa, lakini nimewahi kuvaa jezi ya mkoa kwenye mashindano ya taifa ya wanafunzi, na aliyenifikisha huko ni yeye.

Tulikuwa wasichana wanne wa mbio za kupokezana vijiti. Kijiti chetu cha mazoezi kilikuwa kipande cha bomba la maji, mwalimu kakikata kwa msumeno na kukipaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye milango ya shule. Kwenye mashindano ya mkoa tuliwashinda wote kwa miguu tu, maana kupokezana kwenyewe kulikuwa aibu. Kila mmoja wetu alitoa kwa kulia na kupokea kwa kulia, basi anayekuja anamkanyaga visigino anayeondoka. Kocha wa mkoa akamwambia mwalimu mbele yetu, "Watoto wako wana mbio, lakini wanapeana kijiti kama sahani ya ubwabwa. Wakija kambini hivi, naweka wengine."

Tuliporudi nyumbani mwalimu akatupanga upya: wa pili na wa nne wapokee kwa kushoto, ili njia zipishane. Wa nne ni mimi. Nikagoma. "Mwalimu, kitu cha mtu sipokei kwa kushoto. Nyumbani hata chumvi nikiipokea hivyo, bibi ananichapa vidole." Wenzangu wakacheka, ila yule wa pili naye kauficha mkono wake nyuma. Mwalimu mwingine angefoka, au angetafuta wasichana wengine. Huyu wetu jioni ileile alichukua kijiti, akaja kwetu kwa bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Kama umeleta posa ya mtu, mtoto bado anasoma."

"Si posa, mama. Nimekuja kuomba mkono wake wa kushoto tu."

Bibi akaacha kusuka ukili. "Na huo mwingine unaniachia wa nini?"

Mwalimu akamsimamisha bibi yangu ampe mgongo, akamwekea kijiti kwa nyuma. Mkono wa kulia, wakagongana mabega. Mkono wa kushoto, kikaingia laini. Bibi akakigeuzageuza kile kibomba. "Kwa hiyo anayempa hata hamwoni?" "Hamwoni, mama." "Basi na aombe radhi, kama anavyoomba aliyebeba mtoto akitoa au kupokea kwa kushoto. Bila radhi, mkono huo simpi mtu." Mwalimu akasema, "Ataomba," na hakuwa anatania. Tangu siku ile mazoezi yetu yakawa hivyo: anayetoa anaita "Shika!", anayepokea kwa kushoto anajibu "Kunradhi!"

Huko bara, kwenye mashindano ya taifa, uwanja mzima ulitucheka. "Jamani, wa kisiwani wanaombana msamaha! Nani kamkosea nani?" Fainali nilikipokea tukiwa wa tano, nikapiga "Kunradhi!" mpaka sauti ikapasuka, na kijiti kikakaa mkononi kama kimezaliwa pale. Tukamaliza wa pili. Kocha wa mkoa alikuwa anaruka kama mtoto. Mwalimu yeye alinishika bega, akauliza, "Umeomba radhi?" Nikamwambia, "Nimeomba, mwalimu." "Basi twende tukampe bibi habari."

Tangu hapo nimesikia mengi kuhusu kufika mbali. Vijana wa huku tukipanda boti kwenda bara tunaambiwa tuache lafudhi, tuache haya, tuache na namna ya kuamkia watu, eti vinatuchelewesha. Mimi naota mchana kweupe kwamba siku moja Mafia tutakuwa na uwanja wenye njia zilizochorwa kwa rangi, siyo majivu. Lakini hata siku hiyo nitakumbuka kwamba niliwapita wasichana watatu nikiwa na adabu zetu mdomoni, na hazikutupunguzia mbio hata kidogo.

Pale matangani binti yake alinifuata kwenye jamvi, mwanawe kamlalia mkono wa kulia. Alikuwa na kile kibomba, rangi ya bluu imebanduka karibu yote. "Kunradhi, dada, mkono wa kushoto," akasema. Nikanyoosha wa kwangu wa kushoto, nikapokea, nami nikamjibu, "Kunradhi."

Alichonifundisha ni hiki: ukitaka kumpeleka mtoto mbali, anza kwa kubisha hodi kwao. Sasa nina wasichana wanne hapa Baleni wanaokimbia na kile kijiti. Wawili wamegoma kupokea kwa kushoto. Kesho nakwenda kwa bibi zao.